Hodi kwenye Mlango wa Chuma

Kwa muda wote aliokuwa akija mtaa wa viwanda wa Kangle, Swalha aliujua mlango ule wa chuma kwa kufuli lake la nje. Jumatano ile alipofika ghorofa ya nne, akihema, baibui limemgandia mgongoni kwa joto la Guangzhou, kufuli halikuwapo. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Mshika funguo, ambaye siku zote hukaa kwenye kigoda cha plastiki akimenya mbegu za alizeti, alikuwa amesimama na shada lake la funguo mkononi, na hapana hata mmoja uliokuwa na kazi.

Cherehani zilikuwa kimya, na hilo ndilo lililomtisha. Kiwanda kile kilikuwa chumba kimoja kirefu chenye wanawake wapatao thelathini, na kelele zake huanza kusikika tangu uchochoroni, pale majengo yalipobanana hata mtu wa dirisha hili akaweza kumpa chumvi mtu wa dirisha lile. Ndani mlikuwa na magauni mia tatu ya satini ya zambarau, mali ya Swalha na mumewe Mwadini, yaliyobaki kutiwa pindo na vifungo tu. Ijumaa mchana yalitakiwa yafike kwa wakala wa kago kwenye jengo la Tianxiu, Jumamosi yapande ndege. Yalikuwa sare ya harusi, na harusi ilikuwa Alhamisi inayofuata, Unguja.

"Hodi!" aliita.

Siku ya kwanza alipoletwa hapa aliita hivyo kwa mazoea tu, maana mtu aliyezaliwa Mchangani hawezi kuingia mahali pa watu kimya kimya. Washonaji wakaangua kicheko, wakataka kujua maana yake. Swalha akawaeleza kwa mikono na kwa Kichina chake cha sokoni: mimi niko nje, wewe uko ndani, nakuomba. Ukitaka, unanijibu karibu. Hutaki, unanyamaza, naita mara tatu, kisha narudi nilikotoka. Wakaiona adabu ya ajabu, wao ambao mlango wao hufunguliwa na mtu mwingine. Tangu hapo ukawa mchezo wao: yeye hodi, wao karibu, kwa pamoja, kwa sauti ya kuwazidi hata cherehani. Hakuna mgeni mwingine aliyewahi kuwaomba ruhusa ya kuingia.

"Hodi!" aliita tena.

"Kalibu," ilijibu sauti moja, ya chini. Mlango ukafunguka kiasi cha mtu kupita ubavu, mkono ukamvuta Swalha ndani, na kabla mshika funguo hajapiga hatua ukafungwa tena.

Aliyemvuta alikuwa A-Fang, mtu wa Sichuan, mkubwa kuliko wenzake, mwenye mvi chache na miwani iliyofungwa kwa uzi wa kushonea. Alipachika kufuli jipya kwenye komeo, akatia ufunguo ndani ya soksi yake. Wanawake walikuwa wameketi juu ya mafurushi ya nguo, mikono mapajani, kama watu waliokuja matangani.

Maelezo yalikuwa ya ishara zaidi kuliko maneno, lakini Swalha aliyaelewa yote. Ukutani, nyuma ya meza ya pasi, palikuwa na doa jeusi linalopanda hadi darini. Jumatatu pasi iliwasha kitambaa. Moshi ukajaa. Walipiga mlango, wakapiga kelele, na mshika funguo alikuwa amekwenda kula. A-Fang alionyesha vijiti viwili hewani, vikipeleka chakula mdomoni taratibu. Xiaomei, binti wa pasi, aliuzima moto kwa mikono yake mwenyewe. Sasa mkono mmoja ulikuwa umefungwa bandeji mpaka kiwikoni, na ule mwingine ulikuwa ukimtafutia Swalha kigoda.

Jumanne kufuli la nje likarudi pale pale, kama hapakutokea kitu. Kwa hiyo leo asubuhi, mshika funguo alipofungua kuwapitishia wali, walimsukuma nje, wakalitoa kufuli lake, wakatia lao. Lilinunuliwa na mama mmoja wa jengo la pili, akalipitisha dirishani. Siku zote walikuwa wakilala humo humo, juu ya dari ya mbao, na hawakuwa na pa kwenda, basi wakakaa. Walilotaka ni moja: mlango usifungwe tena kwa nje.

Swalha aliitikia kwa kichwa, akamshika Xiaomei bega, akampa pole. Kisha akanyoosha kidole kwenye lundo la zambarau.

A-Fang aliweka kiganja juu ya lundo. "Bu xing," alisema. Haiwezekani. Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayeeleza kwamba maji ya bomba hayapandi mpaka ghorofa ya nne.

Damu ilimpanda Swalha. "Mali yangu hii!" alifoka kwa Kiswahili. "Mie nimewafungia nini? Mie nimewakosea nini?"

Wote walimtazama. Hakuna aliyejua maneno, na hakuna aliyeshindwa kuelewa. A-Fang hakuondoa kiganja. Xiaomei alimletea maji kwenye kikopo cha bati, Swalha akayanywa, akatoka bila ya kuaga.

---

Ofisi ya bosi ilikuwa chini, pembeni ya stoo ya vitambaa. Watu wote walimwita laoban, yaani bosi, na kama alikuwa na jina jingine wafanyabiashara kutoka Afrika hawakuwahi kulihitaji. Mwadini alikuwa amekwisha kufika, amekalishwa kwenye kigoda kifupi hata magoti yamemkaribia kidevu. Pembeni yake alisimama Wekesa, Mkenya wa Bungoma aliyekuja kusoma Wuhan, akamaliza, akaona kurudi nyumbani na cheti tupu ni aibu, akawa mkalimani wa wanunuzi.

Laoban alisema kwa muda mrefu huku akimimina chai. Aliwamiminia wote isipokuwa Mwadini, kisha akakumbuka, akamsogezea kikombe alichokwisha kunywea mtu.

"Anasema hao ni wezi," alitafsiri Wekesa. "Kufuli likitoka, kitambaa pia kinatoka. Anasema hata nyinyi mkiibiwa mtamlaumu yeye. So anawalindia mali yenu."

"Mwambie kuna binti ameungua," alisema Swalha.

Wekesa alimwambia. Laoban alimtazama Swalha kwa mara ya kwanza, akacheka kidogo, akajibu kwa maneno machache.

"Anasema..." Wekesa alikuna kidevu. "Madam, anasema si wewe ndio ulikuwa unamwambia kuai kuai kila siku? Haraka haraka? Anasema watu wakitoka nje kununua vocha na kuzurura, haraka itatoka wapi."

Swalha aliweka kikombe chini. Ni kweli alisema, tena kwa kugonga meza. Na kufuli lile alikuwa akiliona kila siku. Alilipita, akaona moyoni mwake kwamba mali yake iko salama. Leo fikra ile ilimrudia na kumchoma, akatazama sakafu.

Kuuvunja mlango laoban hakutaka. Yeye mwenyewe ndiye aliyeutia chuma kwa kuogopa wezi, na kuukata kwa moto juu ya stoo ya satini ni wazimu. Tena kelele zingeita watu wa serikali, na kiwanda hakikuwa na karatasi zote. Alisema atangoja njaa iwatoe. Hakujua bado kwamba wali ulikuwa ukipita dirishani kutoka jengo la pili kwenye ndoo ya rangi iliyooshwa.

"Muulize njaa itawatoa lini," alisema Mwadini.

Laoban aliinua mabega, akamwita Mwadini pengyou, rafiki, kisha akageukia simu yake.

---

Jioni walikwenda kupiga simu mtaa wa Xiaobei, kwenye duka lenye vibanda vitatu vya mbao. Muzdalifa, dada yake Mwadini, ndiye mama wa bibi harusi. Tena ndiye anayewalelea mtoto wao Raiye kwa mwaka wa pili sasa. Alipokea mlio wa kwanza haujaisha.

"Wifi! Niambie neno moja tu. Magauni yamepanda ndege?"

"Ijumaa, inshallah. Yamebaki madogo madogo."

"Madogo gani tena? Swalha, mji mzima wanajua sare inatoka China. Jirani yangu Chausiku alinambia tushone kwa mafundi wa hapa, nikamjibu mbele za watu kwamba mwanangu havai vya hapa. Kanuna, na sasa kakaa anangoja niaibike. Watu wamenichangia! Nitawavisha nini, magazeti?"

"Yatafika, wifi."

"Usinifanye mie mtu wa kuchekwa. Sikwambii kwa ubaya, lakini mwanao huyu anakula sahani moja na wanangu, sijawahi kuona uzito."

"Nipe nizungumze naye."

"Yuko chuo cha Kurani. Magauni, Swalha." Simu ikakatwa.

Mwadini alikuwa nje ya kibanda, akisoma uso wa mkewe kupitia kioo. Alilipa bila ya kuuliza. Walitembea hadi kwenye chumba chao, ghorofa ya tisa, wakakuta lifti imeandikwa kitu kwa wino mwekundu, wakapanda kwa miguu. Njiani Mwadini alisema kwamba Muzdalifa ana haki ya kusema, na Swalha alisema ndiyo, ana haki, na wakaachia hapo.

---

Alhamisi baada ya magharibi, Mwadini alimchukua mkewe kwenye mgahawa wa Wahui, Wachina Waislamu, kwenye supu ya tambi na nyama ya halali. Wekesa alikuwa pale tayari, anatafuna kitunguu saumu kibichi kama wenyeji. Swalha alipowaona wawili hawa wamekaa upande mmoja wa meza alijua ameitiwa jambo.

"Watakufungulia wewe," alianza Mwadini.

"Nani?"

"Washonaji. Nimemwambia laoban. Hapana mwengine wanayemfungulia, wewe tu. Kesho asubuhi unapanda, unapiga hodi kama kawaida yako. Watu wake watakuwa ngazini. Mlango ukifunguliwa wanaingia, magauni yanatoka. Kuna fundi uchochoro wa pili, ana mashine za pindo na za vifungo, saa saba mchana tuko Tianxiu."

Swalha aliweka kijiko chini. "Umemwambia hivyo wewe? Mwenyewe?"

"Nimemwambia kweli."

"Na wao?"

"Wao wana bosi wao. Sie wageni, Swalha. Tuna viza ya kuomba kila mara kama sadaka. Tuingie katika ugomvi wa wenyewe?"

Swalha alimgeukia Wekesa. "Watafanywa nini?"

Wekesa alitazama bakuli lake. "Nisikudanganye, madam. Vitambulisho vyao viko kwa droo ya huyo mzee. Akiwarusha nje bila hizo, wakipatana na polisi, ni kurudishwa kwao. Na yule mama ndiye kichwa, yeye atachapwa kwanza. Hiyo usiulize."

"Na wewe unapata nini?"

"Kamisheni yangu," alisema Wekesa. "Bila mzigo, mimi pia sina kitu. Sijifichi."

Mwadini aliinama karibu na mkewe, akapunguza sauti, ingawa mgahawa mzima hapakuwa na mwingine wa kuwaelewa. "Unadhani mie napenda? Leo nimekaa ofisini kwake tangu asubuhi. Kanisahau kwenye kigoda kama mwavuli wa mtu. Nikaona bora nimpe kitu anachokitaka. Kila tulichonacho kiko ndani ya satini ile. Kodi ya chumba imo. Tiketi ya kurudi imo. Nikirudi Unguja bila magauni, dada yangu ataniweka wapi? Na mtoto je?"

Hakuwa mtu mbaya, Mwadini. Alikuwa mtu aliyechoka kusahauliwa kwenye vigoda. Swalha alimtazama shati lake, lile la kuendea kwa wakala wa kago, alilolipiga pasi mwenyewe, na huruma ikamjia pamoja na hasira.

"Nitakwenda," alisema.

"Utapiga hodi?"

"Nimesema nitakwenda, Mwadini. Kula."

---

Watu wa laoban walikuwa watano, jamaa zake wa kijijini, wamevua viatu ili wasisikike, wamejibanza ukutani kwenye ngazi ya ghorofa ya nne. Mshika funguo alikuwa nyuma yao. Laoban mwenyewe alisimama ngazi tatu chini ya mlango, amevaa shati jeupe, anampungia Swalha mkono apande. Mwadini na Wekesa waliwekwa kwenye kona ya ngazi, chini zaidi.

Swalha alipanda akawapita. Mmoja wa wale watano alikuwa kijana mwenye chunusi, akamwamkia kwa kichwa, kwa heshima, kama mtu anayempisha bibi kwenye foleni. Mkononi alishika kipande cha bomba la maji.

Alifika mlangoni, akasimama. Kwa ndani alisikia maji yakimwagwa, ndara zikiburuzwa, mtu akikohoa. Kulikuwa na harufu ya wali. Mtu mmoja alicheka, labda Xiaomei. Walikuwa wakiishi mle ndani, na asubuhi yao ilikuwa ya kawaida.

Neno lilikuwa mdomoni mwake. Lilikuwa jepesi, alilisema tangu hajajua kusema mengine. Alilifikiria lundo la zambarau, akamfikiria Raiye mbele ya sahani ya wenyewe, akafungua mdomo. Halikutoka. Aliwahi kumwambia A-Fang maana yake kwa mikono yake hii hii: mimi niko nje, wewe uko ndani, nakuomba. Sasa nje walikuwa watu kumi. Alijiona atakuwa amesema uongo kwa neno lisilosemewa uongo, neno ambalo hata mdai aliyekuja kuchukua kitanda chako huliita kwanza, na moyo wake ukakataa kabisa.

Alikunja ngumi, akaupiga mlango. Aliupiga kwa nguvu, mara nyingi, kama alivyokuwa akiupiga mshika funguo. Chuma kikaitika ngazi nzima.

Kwa ndani ndara zilisimama.

Laoban alitikisa kichwa kwa kuridhika, akaonyesha kwa mkono: tena. Swalha akapiga tena.

"Shei?" iliuliza sauti ya A-Fang. Nani?

Laoban alijigusa midomo: sema. Swalha akasema. Alisema kwa sauti yake yote, kwa Kichina, maneno ambayo kila mtu wa Kangle huyasikia kwa mabosi na kwa polisi na ambayo yeye hakuwahi kuyasema mlangoni pale hata siku moja.

"Kai men!" Fungua mlango.

Sauti ilikuwa yake, bila ya shaka waliitambua. Maneno hayakuwa yake. Kisha kukasikika kitu kizito kikiburuzwa sakafuni. Kikaja kingine, na kingine tena. Walikuwa wakisogeza meza za kukatia vitambaa, wakizibananisha na mlango. Kufuli halikuguswa.

Laoban alimtazama Swalha, akamtazama Mwadini. Kwake yeye, mwanamke amepiga, ameita, kwa sauti ya kuvunja masikio. Hakuona alipokosea.

Lakini Mwadini aliona. Alipanda ngazi mbili, uso umemsawijika. "Swalha," alisema kwa sauti ndogo. "Piga hodi."

"Nimegonga. Nimeita. Ulitaka nini zaidi?"

"Unajua ninachotaka."

"Basi njoo. Piga wewe."

Walikuwa wakizungumza Kiswahili, kwa adabu, kama wanaulizana nani kachukua ufunguo wa chumba. Mwadini alitazama mlango. Alimtazama kijana wa chunusi na bomba lake. Alifungua mdomo, Swalha akaona ulimi wake ukijiandaa, na akangoja. Mwadini akafumba mdomo. Alipitisha kiganja usoni, akarudi ngazi mbili chini.

Laoban alimwuliza Wekesa jambo, kwa ukali. Wekesa alimtazama Mwadini, kisha Swalha, kisha akajibu kwa Kichina chake kizuri cha Wuhan, kwa ufupi.

"Umemwambia nini?" aliuliza Mwadini walipokuwa wakishuka.

"Nimemwambia mnagombania mambo ya nyumbani," alisema Wekesa. "Si ni kweli? Manze, kamisheni yangu ndiyo hiyo imeenda."

---

Ndege ya Jumamosi ilipaa bila ya sare. Swalha alipiga simu mwenyewe, hakumwachia Mwadini. Muzdalifa alisikiliza mpaka mwisho, na hilo lilikuwa baya kuliko matusi. Kisha alisema, "Umewatazama watu baki, umeniacha mie," na Swalha akakubali kwamba ndivyo ilivyokuwa. Aliomba radhi. Aliomba kuzungumza na mtoto. Muzdalifa alimpa, na Raiye akauliza kama gauni lake dogo la zambarau litakuja na yale makubwa.

Siku zile Mwadini hakula alichopika mkewe. Hakugomba, hakupiga kelele. Alitoka tu asubuhi na kurudi amekwisha kula kwa Wahui, akisema ameshiba. Swalha alijua kususiwa, amekulia kwenye mji ambao mtu anaweza kususiwa mpaka msiba wake. Aliendelea kupika, akaendelea kumtilia sahani, akaendelea kuila baridi peke yake. Alhamisi ya harusi walikaa kitandani, kila mmoja ukingo wake, na hakuna aliyeitaja harusi.

Kule Kangle laoban alisalimu amri. Huruma haikuhusika: mwenye kitambaa cha suruali za shule alikuja na lori kudai mzigo wake, akapiga kelele uchochoroni hata watu wakajaa, na laoban akaona kufuli linamgharimu kuliko wezi. Aliwapa ahadi kupitia dirishani mbele ya majirani: mlango hautafungwa tena kwa nje. Wakafungua. Siku ya pili yake A-Fang alipewa kitambulisho chake na tiketi ya gari moshi ya kwenda Chengdu, kwao Sichuan, upande mmoja tu, na watu wawili wakamsindikiza kituoni wahakikishe amepanda. Wekesa ndiye aliyeleta habari hizo, pamoja na habari kwamba magauni yako tayari.

"Tutayafanyia nini sasa?" aliuliza Mwadini. Ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote tangu Ijumaa ile.

"Tutayauza," alisema Swalha. "Kwa rejareja. Dar, Mombasa, popote. Kwa hasara."

"Kwa hasara," alikubali Mwadini, akaenda kutafuta magunia.

Walikwenda pamoja. Njiani aliyeongea alikuwa dereva wa teksi. Uchochoroni kelele za cherehani ziliwapokea kabla hawajafika. Ghorofa ya nne, kigoda cha plastiki kilikuwapo lakini mshika funguo hakuwapo. Mlango wa chuma ulikuwa wazi, umeegeshwa ukutani kwa tofali.

Swalha alisimama kizingitini. Aliona meza ya pasi imesogezwa mbali na ukuta, doa jeusi liko pale pale, na kwenye kiti cha A-Fang ameketi mwanamke asiyemjua. Miguu yake ilikataa kwenda mbele. Walimsikia siku ile. Sauti ile ilikuwa yake. Watakuwa wamelijadili jambo hilo juu ya wali wao, na hakuna mkalimani aliyewaeleza kwa nini hakuita hodi.

"Hodi," alisema. Cherehani zililimeza neno. Alijaribu tena, na mara hii hata yeye mwenyewe hakujisikia. Hakuna aliyeinua kichwa. Akageuka, akamwambia mumewe kwamba bora aingie peke yake na magunia, yeye Swalha atangoja chini.

Mwadini alikuwa ngazi mbili nyuma yake, magunia begani. Alimtazama mkewe. Akayaweka magunia chini, akapanda, akasimama kando yake kizingitini, akavuta pumzi.

"Hodi!" aliita Mwadini, kwa sauti ya mtu anayetaka kusikika na nyumba nzima. "Hodi humu ndani!"

Cherehani moja ilisimama, kisha nyingine. Vichwa viligeuka. Huko nyuma, kwenye meza ya pasi, binti mmoja aliinuka taratibu, akapunga mkono wake wenye bandeji.

"Kalibu," alisema Xiaomei.